Kungoja Kabambare

Njia itokayo Kasongo kwenda Kabambare, hasa katika majira ya mvua, haimtii msafiri hata awe na haraka ya namna gani. Nasi, tulipofikia kijito kilichofurika na kuchukua magogo ya daraja, hatukuwa na hila ila kuteremka katika pikipiki, kutandika mkeka chini ya mchikichi, na kungoja maji yapungue kwa majaaliwa ya Mwenyezi Mungu. Mzee mmoja wa Kibangubangu, ambaye hakutujua kwa jina wala kwa ukoo, alituletea bukari na sombe, akasema, “Karibuni mule, wanangu. Leo hamvuki.”

Nilikuwa nikienda Kabambare kwa ajili ya habari ya mtu aliyengoja huko zamani. Mmisionari na msafiri David Livingstone, ambaye katika maandishi yake mji huo huitwa Bambarre, alirudi hapo mwezi wa Julai 1870 hali miguu yake imeliwa na vidonda hata hawezi kuikanyagia ardhi, na alipopata nafuu akazuiliwa na kukosa watu wa kumfuata, akakaa mpaka Februari 1871. Barua zake kwa muda mrefu hazikujibiwa. Karatasi zilikwisha, akaandika juu ya magazeti makuukuu kwa wino wa mimea. Na Biblia, kwa ushahidi wake mwenyewe, aliisoma yote mara nne katika siku zake za Maniema. Tusisahau pia kwamba aliishi kwa hisani ya wafanyabiashara Waislamu wa pwani, akiwamo Muhammad bin Gharib, aliyemuuguza na kumchukuza kwa machela mwaka 1869 alipokuwa karibu ya kufa. Rehema ilimjia kwa mikono ya watu ambao biashara yao ya watumwa aliichukia.

Lililonifanya nitafakari kando ya kijito kile ni hili: tarehe 6 Januari 1871, Livingstone akiwa angali katika kibanda cha Kabambare, akidhani ulimwengu umemsahau, mwandishi wa habari Henry Morton Stanley alishuka bandarini Unguja, ametumwa kumtafuta tangu Oktoba 1869. Miezi yote ile ya vidonda, msaada ulikuwa umekwisha kuamriwa na ulikuwa njiani. Mngojaji hakuona dalili yake hata moja, akakutana nao Ujiji mwezi wa Novemba, baada ya kukata tamaa mara nyingi.

Lakini hadithi hii nisingependa kuifunga hapo, kwa maana imani isiyothubutu kutazama yaliyotokea Nyangwe ni dhaifu. Kabla ya kufika Ujiji, Livingstone alikwenda huko kutafuta mitumbwi ya kumvusha Lualaba, mto aliodhani ni chimbuko la Nile, wala sivyo. Wenye mitumbwi wakamnyima, akazidi kungoja, na ndiyo sababu alikuwapo sokoni tarehe 15 Julai 1871, wafanyabiashara wa utumwa walipowapiga risasi watu waliokuja kuuza na kununua, wakaangamia kwa mamia, wengi wao wanawake. Taarifa aliyoiandika ilichukuliwa na Stanley, ikaitikisa Uingereza, na tarehe 5 Juni 1873 Sultani Barghash alitia sahihi mkataba wa kufunga soko la watumwa la Unguja. Livingstone alikuwa amefariki kijijini kwa Chitambo yapata mwezi mmoja kabla, asijue. Mto alioutaka hakuupata. Alilolipata kwa niaba ya wengine hakulisikia. Walakini siwezi kusema, wala sitaki kusikia mtu akisema, kwamba damu ile ilimwagwa ili mkataba upatikane. Nasema tu kwamba Mungu hakuiacha ipotee bure.

Na watu wa Maniema wenyewe? Mkataba uliofunga soko la pwani haukuifungua minyororo ya huku bara. Mfanyabiashara Tippu Tip aliifanya Kasongo kuwa makao yake katika miaka ileile, na mji ukastawi kwa pembe na watumwa mpaka Aprili 1893, ulipotekwa na majeshi ya Dola Huru ya Kongo ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji, iliyokuja na mijeledi yake. Watumwa na wapagazi wa huku walimwomba Mungu yuleyule. Ungojeaji wao ulikuwa mrefu kuliko wa Livingstone, na hakuna aliyewaandikia kitabu.

Maji yalipopungua tulivuka, tukafika Kabambare. Nilipopokewa palikuwa na mama aliyekimbia vita upande wa Salamabila, ambaye wanawe wawili walipotezana naye njiani. Aliposikia kwamba natafuta habari za mtu aliyengoja hapo zamani, aliniuliza, “Baba, yeye alipata aliowangoja?” Nikasema alipata. Ya Stanley na ya mkataba sikumwambia, kwa kuwa kudra ya Mungu iliyomfikia mtu mwingine si deni ambalo mama huyu alipaswa kushukuru kwalo. Nilimwuliza majina ya watoto, nikawataja katika sala ya jioni, na kulipokucha tulikwenda pamoja kwa wenye pikipiki waliokuwa wametoka Salamabila, tukawauliza mmoja mmoja.