Babu wa Keko na Mshale wa Mbali

Kama wewe ni mtu wa kurudi nyumbani usiku wa manane kupitia Keko, huenda umeshapishana na babu huyu. Anakaa kwenye kigoda mlangoni mwa yadi ya mbao, koti zito mwilini na joto lote hili la Dar, redio ndogo sikioni, na pembeni yake upinde na podo la mishale. Washikaji wa kijiweni kwetu Tandika humcheka. Eti dunia ya kamera na bunduki, babu bado yuko enzi za Mjerumani!

Nami nilikuwa miongoni mwa wachekaji. Mpaka usiku mmoja nilipomwamkia shikamoo, kisha nikamtania kama mshale wake unaweza kufika ng'ambo ya barabara.

"Kufika si kazi, mjukuu wangu," akanijibu. "Kazi ni kujua utafikia wapi. Njoo Jumapili, nitakuwa kwa mwanangu Chamazi."

Jumapili asubuhi nikadandia daladala ya Mbagala Rangi Tatu, nikaunganisha hadi Chamazi, huko ambako Temeke inaanza kufanana na shamba. Nyuma ya nyumba kuna shimo lililochimbwa mchanga zamani, ukuta wake umesimama wima kama nyumba ya ghorofa. Babu akaegemeza pale gunia la maranda, akahesabu hatua 25, akanikabidhi upinde. Mishale ilikuwa sita.

"Hapa karibu tazama gunia tu. Mshale usiutazame."

Ni kama unavyopiga embe kwa jiwe, jicho na mkono vinaelewana vyenyewe. Katika mishale mitatu, miwili ikaingia. Nikajiona Rambo!

Tukarudi hadi hatua 50. Nikalenga vilevile. Lahaula! Mshale ukazama mchangani kabla hata ya kulifikia gunia. Babu akacheka mpaka akakohoa.

Hapo ndipo nilipokumbuka fizikia ya sekondari, ambayo niliiacha darasani pamoja na daftari lake. Chukua mshale unaokwenda mita 50 kwa sekunde, uurushe ukiwa umelala sawasawa. Ukifika mita 20 umetumia nukta nne za sekunde na umeshashuka kama sentimita 80. Ukifika mita 40 umeshuka mita 3 na ushei. Umbali umezidi mara mbili, kushuka kumezidi mara nne. Si mchezo!

Babu hesabu hizo hazijui kwa namba, anazijua kwa mwili. Akanionyesha njia mbili. Ya kwanza, tumia ncha ya mshale kama alama. Kwa upinde wake, katika hatua 50 ncha ikilifunika gunia mshale unapiga gunia. Ukisogea karibu, weka ncha chini ya gunia, kwa sababu jicho liko juu ya mshale. Ukirudi nyuma zaidi, ipandishe juu ya gunia. Ya pili, mkono unaovuta ambao kwa karibu unakaa shavuni, kwa mbali ushushe kidevuni. Mkia wa mshale ukishuka, ncha inapanda yenyewe.

Nikamwambia kwenye Olimpiki wanapiga mita 70, shabaha ina upana wa sentimita 122, na upinde una kifaa cha kulengea. "Na nyuma ya shabaha kuna nini?" akauliza. Nikakosa jibu.

Babu ni mtu wa Shinyanga. Mwaka 1982, sungusungu walipoanza kuwasaka wezi wa ng'ombe kule Shinyanga na Tabora kwa filimbi na mishale, yeye alikuwa kijana mbichi. Porini, anasema, ukikosa umepoteza mshale tu. Mjini ni habari nyingine.

Akanisimulia usiku mmoja pale yadini. Mwizi kabeba mbao begani, anakata mbuga, hatua kama 60. Babu akavuta, mkono kidevuni, ncha juu ya kichwa cha jamaa. Halafu akaulegeza taratibu.

"Uliogopa kumkosa?"

"Hapana, nilikuwa nimempata. Lakini nyuma yake palikuwa na dirisha, taa inawaka. Mshale wa mbali ukishatoka, akiinama tu, unaendelea na safari."

Mwizi akatokomea. Mwisho wa mwezi tajiri akazikata mbao zile kwenye mshahara wa babu. Vijana wakapata la kuchekea: mlinzi ana silaha hatumii! Nami nilicheka, msomaji. Siku hiyo Chamazi sikuwa na pa kuuficha uso.

Tulipomaliza, babu akahesabu mishale. Mitano. Wa sita niliurusha mimi, ukapita juu ya ukuta wa shimo. Nikamwambia tuuache, jua limekuwa kali na nitamlipa.

"Hatuondoki."

Tulipekua majani zaidi ya saa nzima. Tuliukuta umejichomeka kando ya njia ambayo watoto hupita na ndoo za maji. Babu akaung'oa, akaufuta udongo, akaurudisha kwenye podo bila kusema neno.

Tukutane wiki ijayo. Ukipita Keko usiku, msalimie.