Mapasa wa kando ya Lualaba

Juma lililopita tulitoka sokoni Kindu kwa pirogi ya moteri, tukirudi kwetu Kailo na chumvi, sabuni na madaftari ya shule. Tulikuwa wamama saba, wawili na watoto mgongoni.

Njiani tukasikia ngoma. Dereva akasogeza pirogi ukingoni: mapasa walikuwa wamezaliwa! Wamama wa kijiji wakatushika mikono, tukacheza nao. Mgeni hapiti mbele ya mapasa mikono mitupu. Tuliweka sabuni na chumvi kwenye sahani. Wakatupa wali, sombe na samaki, nasi tukala kama ndugu.

Jua lilipoanza kushuka tukaitwa kupanda. Dereva alinuka lotoko. Ndani ya pirogi hapakuwa na jile hata moja. Wababa wakasema, "Twendeni, ni karibu." Tukaketi juu ya mizigo yetu, tukakataa. Wakatucheka, eti woga wa wanawake. Mama wa mapasa akasikia, akatutumia mikeka miwili.

Tulilala pale. Asubuhi dereva akaamka na akili yake, tukafika salama, wote, hata waliotucheka. Wanafunzi walikuwa wametungoja tangu saa moja. Tuliwaomba wazazi msamaha. Afadhali darasa lingoje kuliko watu kukaa matanga.

Wamama, sherehe za mtoni ni tamu, tusizikimbie. Lakini kabla ya kupanda, tumwangalie dereva, tuhesabu watu, tuulize jile. Na giza likituwahi, tuombe mkeka.