Kilele Kilichojisokota

Treni kutoka London ilipoukaribia mji wa Chesterfield, nilisimama nikabandika uso dirishani. Kikatokea juu ya mapaa: kilele cha kanisa, kimejisokota kama kamba ya katani. Mimi ni mtoto wa seremala wa Tanga. Safari yangu ya kwanza Uingereza, na nilichotaka kuona kuliko vyote ni mbao za kilele hicho.

Kanisa la Mtakatifu Maria na Watakatifu Wote ndilo kubwa kuliko yote katika jimbo la Derbyshire. Kilele kilijengwa miaka ya 1360. Kutoka chini hadi nchani ni takriban mita 70. Kimejizungusha kwa nyuzi 45, na ncha imehama karibu mita 3 kutoka pale ilipopaswa kuwa.

Wenyeji husimulia kwamba Shetani alitua pale juu kupumzika, harufu ya ubani ikampanda puani, akapiga chafya. Mimi nilivutwa zaidi na habari ya mafundi. Tauni ilikuwa imepita mwaka 1349 na kuzoa watu nchi nzima, mafundi wakiwemo, na wengi huamini waliobaki hawakuwa na ujuzi wa kutosha. Mbao za mwaloni zilipandishwa zikiwa mbichi. Hilo lenyewe halikuwa kosa, ndiyo desturi ya wakati ule, maana mwaloni mkavu huishinda patasi. Kosa ni kwamba mihimili ya kukatiza haikutosha kuzishika zilipoanza kukauka na kujikunja. Juu ya mbao kuna mabamba ya risasi, takriban tani 33, yaliyopangwa kama miba ya samaki. Jua huupasha moto upande wa kusini kuliko mwingine, risasi ikatanuka, mbao zikavutwa.

Tarehe 22 Desemba 1961, siku 13 tu baada ya uhuru wa Tanganyika, moto ulizuka kanisani. Kinanda cha mwaka 1756, kazi ya fundi Snetzler, kiliteketea. Kilele kilinusurika.

Kiongozi wa watalii alitupandisha kwa ngazi nyembamba za mawe mpaka ndani ya kilele chenyewe. Nilinyamaza. Boriti nene, nyeusi kwa umri, zilipaa zikikatizana gizani, kila moja imeelemea kwake, na bado zimeshikana. Niliweka kiganja juu ya moja. Miaka zaidi ya 650, nami naigusa.

Nilipotoka nje nilimpigia baba.

“Shikamoo baba.”

“Marahaba mwanangu. Umeziona?”

Nikamweleza yote, hata rangi. Akasikiliza bila kunikatiza, kisha akauliza kama nilizigonga kwa kifundo cha kidole, nisikie zinavyolia.

Sikuwa nimegonga. Nikamwambia asubiri, nikarudi mbio mlangoni kumtafuta kiongozi.