Walinzi wa Mti wa Jirani

Wazee wa kitabu chetu wameniomba niandike habari za bustani, nami sina budi kuanza na kosa langu mwenyewe.

Nilizaliwa Newala, katikati ya mikorosho ya baba. Tuliwajua maadui wake: mbu wa mikorosho anayefyonza machipukizi, na ubwiriunga, ambao tuliupulizia salfa alfajiri. Tuliwajua na marafiki. Maji moto waliuma vibaya tulipopogoa, lakini baba alikataza kuchoma viota vyao, kwa kuwa huwafukuza mbu hao.

Hapa Shaw, ua wetu umeinamiwa na mti wa pekani wa jirani yetu, bibi mzee. Marehemu mumewe aliupanda baada ya mioto ya Aprili 1968, maduka ya 7th Street yalipoteketea kufuatia kuuawa kwa Martin Luther King. Wengi walihama, wao walibaki.

Agosti ya mwaka juzi gari langu lilianza kunata, kisha likawa jeusi kama lililopakwa masizi. Walikuwa vidukari, wadudu wadogo wa manjano wanaokaa chini ya majani. Hufyonza maji ya mti na kudondosha uchafu mtamu kama asali, na juu ya utamu huo huota ukungu mweusi. Bila kumwambia bibi, nilinunua sumu nikaupulizia mti usiku.

Asubuhi tuliona sumu imedondokea sukuma wiki zake. Ilibidi azing'oe zote. Hakunigombeza. Aliniuliza tu kwa nini sikubisha hodi. Swali hilo liliniuma kuliko maji moto.

Baada ya majuma machache vidukari walirudi, wengi kuliko kwanza. Bibi alinivutia tawi, akageuza majani, akanieleza. Nilikuwa nimewaua walaji wao: wale wa mviringo wenye mgongo mwekundu na madoa meusi, na wale wa kijani wenye mbawa kama lesi. Wakati wa kiangazi kidukari jike huzaa bila dume, hivyo uzao wake hujaa upesi. Walaji huchelewa kurudi. Nyumbani nisingethubutu kuwagusa maji moto. Hapa niliwaua walinzi kwa kutowajua.

Basi, ndugu mlio na miti ya namna hii, geuzeni majani kwanza. Vidukari wa manjano wakiwa wachache, na walaji wapo, waacheni. Mti mchanga unaweza kuoshwa kwa maji ya mpira. Waangalieni zaidi vidukari weusi: huacha mabaka ya manjano yanayogeuka kahawia, na majani hupukutika mapema. Mti uliopoteza majani hukosa nguvu ya kuzaa mwaka unaofuata. Hapo ombeni ushauri wa mtaalamu. Sumu iwe ya mwisho, na mwenye mti aambiwe.

Mwaka jana sikupuliza kitu. Niliegesha gari kwingine, nikampandia bibi sukuma mpya. Mwezi wa Novemba alibisha hodi mlangoni kwetu na beseni la pekani. Watoto walizibanja jioni nzima, nami nikawasimulia habari za mikorosho ya babu yao.

Wasalaam.