Mfinyanzi aliyekataa kulia gaeni

Msomaji mpenzi, wahenga walisema kwamba mfinyanzi hulia gaeni. Yaani fundi huwatengenezea wengine vyungu vizuri, kisha yeye mwenyewe huishia kulia katika kigae kilichovunjika. Niliiamini methali hiyo hadi nilipokutana na mfinyanzi mmoja wa Ufaransa.

Mwaka 1996 nilikuwa mwanafunzi mjini Toulouse, kusini mwa nchi hiyo. Jumamosi moja mwenzangu wa darasani alinialika kwao, kijiji kimoja karibu na mji mdogo wa Castelnaudary, ambao si mbali kwa gari la moshi. Babu yake alikuwa mfinyanzi. Tulimkuta karakanani, udongo umemjaa hadi viwikoni na gurudumu linazunguka. Alikuwa akifinyanga chungu kipana mdomoni na chembamba kitakoni, ambacho wenyeji hukiita cassole.

Huenda umewahi kusikia habari za chakula kiitwacho cassoulet. Jina hilo limetokana na chungu hicho. Ni maharagwe meupe pamoja na nyama ya bata iliyohifadhiwa katika mafuta yake, soseji na ngozi ya nguruwe. (Ndugu zangu Waislamu, niwieni radhi.) Hupikwa katika tanuri kwa saa nyingi. Utando wa juu ukikauka na kuwa ukoko, mpishi huuvunja na kuuzamisha, kisha husubiri mwingine ufanyike. Wenyeji husema sharti uvunjwe mara saba. Wanakithamini chakula hiki mno, hata mwaka 1970 wakaunda chama cha kukitunza, ambacho wanachama wake huvaa majoho rasmi.

"Sufuria haiiwezi kazi hii," mzee aliniambia. "Mdomo mpana ndio unaoleta ukoko. Nao udongo hupokea joto polepole na huliachilia polepole, ndiyo maana maharagwe huiva bila kupondeka."

Mchana tulipoketi mezani, mzee alileta chungu kizuri kuliko vyote nilivyoviona karakanani. Nilimuuliza kwa nini hakukiuza. Akacheka. "Nisipokula katika vyungu vyangu, nitajuaje kama vinafaa kuuziwa watu?"

Kisha akaniuliza, "Na kwenu, kijana, mnakula nini?" Nilimweleza kwa majivuno juu ya isyo, mchanganyiko wetu Wakamba wa mahindi na maharagwe, ambao Wakenya wengi huuita githeri. Mzee alifurahi mno. Alinikumbusha kwamba maharagwe yake na yangu ni ndugu. Yote asili yake ni bara la Amerika, na hayakujulikana Ulaya kabla ya safari ya Columbus ya mwaka 1492. Hata mahindi yetu yalitoka huko. "Kwa hiyo sote tulipokea mgeni," alisema, "tukampikia katika chungu chetu, akawa mwenyeji."

Halafu akauliza swali lililonikwama kooni kama mfupa: "Vyungu vyenu hufinyangwa na nani?"

Msomaji, sikuwa na jibu. Nyumbani kwetu Machakos kulikuwa na chungu cheusi alichotupa nyanya. Nilipokuwa kidato cha pili, marafiki wa shule ya bweni walikuja kututembelea. Niliona haya. Nilimsihi mama akifiche chungu kile na kupika kwa sufuria. Mama hakusema neno. Tangu siku hiyo chungu kiliwekwa nyuma ya jikoni, kuku wakawa wananywea maji humo. Nilikuwa nimekula humo utotoni mwangu mwote bila kuuliza ni nani aliyekifinyanga.

Niliporudi nyumbani mwaka 1998, nilimuuliza nyanya. Alinielekeza kwa bibi mmoja ng'ambo ya mto. Nilimkuta ameketi chini ya mwembe, akichambua pojo. Alikuwa ameacha kazi ile miaka mingi, wala hakumfundisha binti yake hata mmoja. "Ningewafundisha ili wamuuzie nani, mjukuu wangu?" aliuliza, bila uchungu. Niliinamisha kichwa, maana mmoja wa walioukimbia udongo wake alikuwa mbele yake.

Nilimwomba anifinyangie kimoja tu. Alisema magoti hayamruhusu tena kushuka mtoni kuchimba udongo. Basi mimi na binamu zangu tulimchimbia. Hakuwa na gurudumu kama yule Mfaransa. Aliujenga udongo kwa mikono mitupu, akiuzunguka, kisha tulikichoma kwa kuni na nyasi uwanjani. Wajukuu wake wawili walikuja kutazama. Mmoja aliomba bonge la udongo, akapewa.

Chungu hicho ninacho hapa Nairobi. Jumapili tunapikia isyo juu ya jiko la makaa, na watoto wangu hugombea ukoko. Wageni wakija, hakifichwi. Hufika mezani kama kilivyo, na masizi yake.

Nawe msomaji, utakapokwenda mashambani likizo ijayo, ingia jikoni kwa nyanya yako. Ukikuta chungu, kinyungu au kibuyu, muulize kilitengenezwa na nani, na kama mtu huyo yu hai, mtembelee na umpe kazi. Usingoje kuulizwa na Mfaransa.