Kompaila kwa Vipande

Nilipoanza kujifunza kuandika programu, Mtwara mjini, kompaila ilitufikia kwenye diski. Mkongo wa intaneti wa SEACOM ulifika Dar es Salaam Julai 2009. Kabla ya hapo intaneti ilipitia setilaiti, ghali na ya kusuasua. Diski ya Debian, mfumo wa Linux, ilizunguka mikononi mwetu mpaka ikajaa mikwaruzo. Ukiipata, unaweka GCC, yaani kompaila yenyewe, na kila kilichomo, hata usichokihitaji.

Na vilikuwamo vingi. Richard Stallman aliitoa GCC mwaka 1987 kwa ajili ya lugha ya C. Kufikia 1999 ilikuwa imebeba lugha kadhaa, hata jina likabadilishwa kuwa mkusanyo wa kompaila. Watu wa Debian huigawa kwa vifurushi: gcc ya C, g++ ya C++, gfortran, na gnat ya Ada. Thamani ya mgawanyo huo niliijua baadaye, tulipoanza kununua bando. Mpwa wangu wa Kilambo, karibu na kivuko cha kwenda Msumbiji, alitaka C tu. Kwa nini alipie Ada?

Lakini mgawanyo huohuo ulimtesa. Alichukua vifurushi kwa flashi pale mjini, akarudi Kilambo, akaviweka, akaandika programu ya mistari mitano. Ikagoma.

"Mjomba, kompaila ipo, ila inasema stdio.h haipo."

Faili hilo limo kwenye libc6-dev, kifurushi kingine kabisa. Mwenye mtandao halioni tatizo hili, kwani apt, programu ya kupakua vifurushi, humletea vyote pamoja. Wa flashi hana apt ya kumkumbusha. Ikabidi apande gari kurudi mjini kufuata kifurushi kimoja.

Si wote wanaogawa: mwaka 2019 watu wa LLVM, mradi mwingine wa kompaila, walikamilisha kuhamishia msimbo wa miradi yao kwenye ghala moja, kwa kuwa sehemu zake hubadilika pamoja. Naona walifanya sawa: mafundi wakae nyumba moja. Ila mtumiaji apewe kipande chake, maana bando analipa yeye.

Ndugu zangu mnaotengeneza vifurushi, endeleeni kugawa. Ila kando ya vipande hivyo wekeni faili moja lenye kila kinachohitajika ili programu ya C ikubali, mtu alibebe kwa flashi hadi Kilambo asilazimike kurudi mjini.