Kuinua Land Cruiser ya Baba Mdogo

Watu waonapo motokaa iliyoinuliwa juu husema, "Hilo ndilo gari la porini!" Nami sikatai, hupendeza macho. Lakini katika likizo ya Desemba iliyopita palikuwa na shauri refu nyumbani kwetu juu ya jambo hili, na kwa kuwa wadogo zetu wa Kidato cha Pili hutuuliza kila mara Fizikia ina faida gani nje ya darasa, nimeona niwaandikie.

Kwetu ni upande wa Mtae, katika milima ya Usambara. Baba mdogo ana Land Cruiser aina ya 75, iliyoundwa kabla ya mwaka 1999, yenye springi za pleti mbele na nyuma. Siku za soko hubeba kabichi, viazi na watu. Siku nyingine hupeleka wagonjwa Lushoto. Barabara ni ya udongo, na mvua ikinyesha magurudumu huchimba mifereji miwili, tumbo la gari likaburura katikati. Pahali pengi upande mmoja ni mlima na upande wa pili ni bonde, kwa hiyo gari likianguka halianguki peke yake.

Dereva ni kaka yangu, mtoto wa baba mdogo. Yeye alitaka inchi 4, wala si pungufu. Fundi mmoja alikuwa amemwambia kuwa njia rahisi ni kutia shakeli ndefu. Lakini shakeli ikizidishwa inchi 4 huinua gari kama inchi 2 tu, maana ncha ya pili ya springi imefungwa pale pale, na ekseli iko katikati. Ni habari ya nyenzo tuliyofundishwa. Tena shakeli ndefu huweza kubadili pembe ya ekseli ya mbele, usukani ukaanza kuyumba.

Liko jambo jingine ambalo wengi hawalijui. Springi ndefu haziinui difu hata kidogo. Ekseli za gari hili ni vyuma vizima kutoka gurudumu hadi gurudumu. Ukiinua springi, kinachopanda ni chasisi na bodi. Hiyo ni faida kwa tumbo na bampa, lakini difu hubaki chini palipokuwa. Huinuliwa na tairi kubwa tu, nayo hupata nusu ya nyongeza: kipenyo cha tairi kikizidi inchi 2, difu hupanda inchi 1. Kaka hakulipenda neno hili. Alitoka na futi kamba akaingia uvunguni mwa gari, akarudi kimya.

Hapo nikachukua kalamu. Tuseme nafasi baina ya magurudumu ya kushoto na kulia ni sentimeta 140, na kitovu cha uzito, yaani pahali ambapo uzito wote ni kana kwamba umekusanyika, kiko sentimeta 80 juu ya ardhi. Gari lililosimama litapinduka likiinamishwa nyuzi 41 hivi. Ukiliinua, kitovu kikapanda sentimeta 8, zitabaki nyuzi 38 na nusu. Katika daftari tofauti hiyo ni ndogo. Lakini weka magunia ya viazi kwenye keria, abiria wanane nyuma, gurudumu moja limezama mferejini upande wa bonde, na kona iko mbele. Baba mdogo alilitazama daftari kwa muda mrefu kuliko nilivyotazamia. Kisha akamwuliza Bibi maoni yake. Bibi akasema, "Mwanangu, hata sasa mnanisukuma ndipo nipande. Mkiliinua tena, leteni ngazi."

Tulikwenda kwa fundi wa pili, mzee wa maneno machache. Swali lake la kwanza halikuwa inchi ngapi. Aliuliza, "Hubeba kilo ngapi, na siku ngapi kwa juma?" Springi ngumu za mzigo mkubwa hurusha watu gari likiwa tupu, na springi laini hulala mzigo ukipanda, kwa hiyo kilo huchaguliwa kwanza, kimo baadaye. Kisha akapima kutoka katikati ya kila gurudumu hadi ukingo wa madigadi. Upande wa dereva ulikuwa chini kwa inchi nzima. Springi zimechoka, akasema. Sehemu ya kimo mnachokitafuta gari lilikuwa nacho tangu kiwandani.

Basi zikachaguliwa springi za inchi 2, za mzigo wa kadiri, pamoja na shokapu za urefu unaolingana nazo na bushi mpya. Kwa inchi 4 ingetulazimu pia mipira mirefu ya breki, na kuangalia pembe za propela shafti ili krosi zisife mapema. Fedha zilizosalia zilinunua tairi mbili za nyuma, za kipimo kile kile. Viazi navyo vimepigwa marufuku juu ya keria. Kaka angali akinung'unika kuwa gari linafanana na la mkaguzi wa shule.

Fundi aliagiza yubolti zikazwe tena baada ya kilometa 500, maana pleti mpya hujipanga na kulegea. Asubuhi niliyorudi shuleni kaka alikuwa uvunguni na spana, taa ya simu kinywani, akizikaza moja moja kabla abiria hawajafika.